Njia ya Kukwepa Lango la Mossie

Nyumba ya Gowlane,
Rossduff,
Kaunti ya Cork,
Ayalandi.

9 Septemba

Mpendwa mdogo wangu Fintan,

Hujambo huko Perth? Marguerite hajambo? Na watoto je, Cian ameshaota yale meno ya mbele, au bado anacheka kama babu yake? Sisi huku ni wazima wa afya, na mvua nayo ni nzima kabisa. Ng'ombe wamenona, viazi havikuoza mwaka huu, na Bran mbwa wetu bado anabwekea kila baiskeli inayopita, maana yake tangu Juni hajanyamaza.

Nimekuandikia kwa kalamu kwa makusudi. Kwenye simu huwa unanikatiza na ule wimbo wako wa "mwache mzee afurahie maisha yake, Dervla", halafu unasema huko kwenu ni usiku na unakata. Barua huwezi kuikatiza. Keti, mimina chai, usome mpaka mwisho.

Nianze na ile saa. Ile saa ya kuhesabu mapigo ya moyo uliyomtumia baba, ambayo hupeleka habari zake kwenye simu yako huko huko, hajaivaa hata siku moja. Aliifunga kwenye ukosi wa Bran. Kwa hiyo siku ile ulipopiga kumpongeza kwa kutembea sana na kwa moyo wenye nguvu za kijana, ulikuwa unampongeza mbwa. Na ile alfajiri uliyoniamsha kwa hofu kwamba moyo wa baba unakwenda mbio kupita kiasi, Bran alikuwa amekutana na mbweha. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, angalau si mbele yake.

Maana jambo lenyewe si la kuchekesha. Daktari aliyemwekea kile kimrija kwenye mshipa wa moyo mwezi wa nne alimwambia mbele yangu, neno kwa neno: endesha baiskeli upendavyo, Mzee Malachy, lakini tambarare tu, mlima hapana. Ukipanda mlima utaanguka, na hutaamka. Baba akaitikia kwa kichwa kama mtoto mwema wa Komunyo ya Kwanza. Jumapili iliyofuata akaenda misa kwa baiskeli, kupitia mlima wa Knockbrack.

Unajua kwa nini. Lakini wewe uliondoka mwaka ule ule wa mazishi ya mama, na naona jua la huko limekusahaulisha mengi, basi acha nilisimulie upya. Kutoka kwetu mpaka kanisani kuna barabara mbili. Moja inapanda Knockbrack, ina majani katikati na kondoo wanaolala pale pale kwenye kona. Nyingine inafuata ufuo, tambarare, ua wa vichaka vyenye maua mekundu pande zote mbili, na bahari iko karibu nawe kiasi cha kulowesha soksi. Hiyo ya ufuoni inapita lango la Mossie. Ndiyo dosari yake ya pekee.

Baba na Mossie walikuwa chanda na pete. Mossie ndiye aliyecheza dansi na mama kabla baba hajamwona, na baba ndiye aliyemwoa, na hata hilo halikuwatenganisha. Walishindana kwa baiskeli kuzunguka rasi nzima walipokuwa vijana, na mpaka leo hakuna anayejua nani alishinda, kwa kuwa mwamuzi alikuwa ameingia baa kujikinga mvua. Halafu mama akafa. Mvua ya wiki ile ilikuwa imefunika daraja la Owenbeg, gari la jeneza likalazimika kupita mlimani badala ya ufuoni, na Mossie hakuonekana kanisani, hakuonekana makaburini, hakumshika baba mkono. Mstari wa watu wa kutupa mkono wa pole ulitoka nje ya kanisa ukapinda kwenye ukuta, watu walikuja mpaka kutoka Kerry, na Mossie hakuwemo. Tangu siku hiyo baba hakupita lango lile. Miaka kumi na miwili amekuwa akipanda Knockbrack ili asipite mbele ya lango moja la chuma lenye kutu.

Sasa ongeza kamati.

Unakumbuka Mzunguko wa mwisho wa Agosti, baiskeli mia na kitu za kuchangisha fedha za boti ya uokoaji, wageni kutoka Dublin na Waholanzi wenye kaptura za kubana ambazo Padre Cathal huzitazama huku akisali. Mwaka huu Concepta Lehane, mwenyekiti, aliona ni busara kumpa baba kazi ya kupanga njia, kwa kuwa anazijua barabara zote. Anazijua kweli. Akapanga njia inayopanda Knockbrack wakati wa kwenda, na kuipanda tena wakati wa kurudi. Tumezungukwa na bahari pande tatu, Fintan, na baba alifaulu kutengeneza mzunguko ambao mtu haioni bahari isipokuwa kileleni, na kileleni kuna ukungu.

Concepta alikuja jikoni kwetu na ramani imekunjwa kwapani.

"Mzee Malachy, tangazo letu limewaahidi watu bahari."

"Bahari ipo. Wageuze shingo."

"Lakini barabara ya ufuoni ni nzuri, ni tambarare, kila mtu ataiweza."

"Ina mashimo."

"Imewekwa lami mpya mwezi wa tano."

"Basi ina upepo."

"Baba," nikasema, "huku hata ndani ya kabati kuna upepo."

"Ndiyo maana nawapeleka mlimani wakajikinge."

Concepta alikunywa chai yake akaenda zake. Hakutaja jina la Mossie, nami sikulitaja. Hivyo ndivyo tulivyo huku, na ninaanza kuchoka navyo.

Na maelezo ya njia! Aliyaandika mwenyewe. "Kushoto pale lilipokuwa duka la Hanafin." Duka la Hanafin lilianguka kabla sijazaliwa. "Kulia kwa mjane Nell." Nell yuko makaburini, na nyumba yake Wajerumani wameipaka rangi ya waridi. Waholanzi wawili waliokuja kuijaribu njia wiki moja kabla walilitafuta duka la Hanafin asubuhi nzima. Waliuliza kila waliyekutana naye, na kila mmoja aliwanyooshea kidole mahali pasipo na kitu, akawaambia hawawezi kulikosa. Mwishowe waliingia uani kwa akina Twomey, wakalishwa chakula cha mchana, na sasa wanakuja Krismasi.

Nililalamika kwa baba. Akasema mtu asiyejua lilipokuwa duka la Hanafin hana haja ya kwenda huko.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kilichoninyima usingizi ni kwamba baba alitangaza ataongoza msafara mwenyewe. Atatangulia, akiwa na kimrija chake moyoni, juu ya Knockbrack, mara mbili. Nilimsihi. Nilimfichia viatu. Nilimwita Padre Cathal, naye akaja, akazungumza habari za mechi, akaondoka. Nikakupigia wewe, nawe ukaniambia moyo wake uko vizuri sana, umeona mwenyewe kwenye simu. Niliogopa, Fintan. Niliogopa kwamba baba ataanguka kwenye kona ya kondoo mbele ya watu mia, nami niko nyuma kwenye gari la pampu na bandeji.

Basi nilifanya hivi. Asubuhi ya Mzunguko nilitangulia mpaka njia panda ya ufuo na mlima, nikaung'oa ule mshale wa njano alioupigilia baba jana yake, nikaugeuza ukatazama ufuoni, nikaupigilia vizuri kwa jiwe. Sijutii. Usiniambie nijute.

Akili yangu iliishia hapo. Nilisahau kwamba baba hahitaji mshale, na kwamba anapoongoza hatazami nyuma, kwa kuwa anaamini kutazama nyuma ni tabia ya walioshindwa. Alifika njia panda akiwa mbele sana, mgongo umeinama, ile jezi ya klabu ya zamani imemning'inia, akakata moja kwa moja kuelekea mlimani. Nyuma yake watu mia wakauona mshale, wakaufuata kwa adabu, wakaelekea ufuoni. Kwa hiyo baba yako aliongoza msafara wa mtu mmoja.

Nilisimamisha gari pale njia panda nikangoja, roho mkononi. Alifika kona ya kwanza kabla ukimya haujamshtua. Akarudi akiserereka, breki zinalia.

"Wako wapi?"

"Wamefuata mshale."

"Mshale niliupigilia mimi. Ulitazama juu."

"Labda ni upepo."

"Upepo unatoka ufuoni, Dervla. Upepo gani huo unaogeuza ubao utazame unakotoka?"

"Baba, watu wako wameshakwenda. Panda peke yako ukitaka. Mimi nawafuata wenye pancha."

Nikawasha gari, nikaondoka. Nilimwacha, Fintan. Nilimtazama kwenye kioo, mguu mmoja chini, anautazama mlima, anautazama ufuo, mpaka ua ukamficha. Sijapata kuendesha polepole kama siku ile. Nilisema Salamu Maria zote ninazozijua, na ninaijua moja tu, basi niliirudia.

Msafara niliukuta umesimama kwenye lango la Mossie. Pancha. Na unajua huku huwezi kusimama kwenye lango la mtu bila kupewa chai. Mossie alikuwa ametoka na ndara za nyumbani kuona kelele ni za nini, na kufikia wakati nilipofika alikuwa amemaliza vikombe vyote, ametoa mpaka vile vya marehemu mama yake, na Waholanzi wanakunywa kwenye mabakuli. Mkate wa ngano umekatwa vipande vinene, siagi, jamu ya beri za uani. Yeye mwenyewe amepiga magoti anaziba tairi la binti mmoja wa Dublin na kumweleza kwa nini watu wa Dublin hawawezi kuendesha baiskeli. Amezeeka, Fintan. Amekuwa mdogo ndani ya sweta lake.

Nikasimama pale na kikombe ambacho sikukinywa, nikiitazama barabara. Hakuna kitu. Nikafikiri, amepanda. Nikafikiri, nimemuua baba kwa ujanja wangu.

Halafu akatokea, mwekundu, anakanyaga kwa hasira, katikati ya barabara mpya ya lami isiyo na shimo hata moja. Akashuka. Watu waliendelea kula kwa sababu hawakujua. Sisi wachache tuliojua tuliacha kutafuna.

Mossie hakuinuka.

"Umechelewa," alisema.

"Nilipotea njia."

"Wewe?"

"Mshale uligeuzwa."

Wote wawili walinitazama. Nikawatazama kondoo.

"Si neno," Mossie akasema, akiwa bado ameshika tairi. "Kukungoja hapa nimezoea. Nilikungoja siku ya kumzika Nora wako."

"Uliningoja wapi?"

"Hapa. Hapa unaponiona. Nimevaa suti, kofia mkononi, baiskeli imeegemezwa langoni nifuate nyuma ya gari kama mtu anavyofanya. Tangu asubuhi. Mpaka nikasikia kengele ya kanisa ikilia, ndipo nikajua umempitisha upande wa pili. Nikasema, haya, Malachy hakutaka apite kwangu. Nikaingia ndani nikavua suti."

Baba alimsogelea.

"Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, Mossie."

"Daraja gani?"

"Owenbeg, mtu wewe! Maji ya kiunoni! Ulitaka nimwogeleshe?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza!"

"Na wewe ulikuja kuuliza?"

"Nilikutafuta kwenye ule mstari mpaka mtu wa mwisho. Mpaka wanafunga kanisa, Mossie."

Walipigiana kelele hivyo mbele ya wageni wote, baba analia na kufoka kwa wakati mmoja, Mossie naye anapangusa macho kwa kitambaa cha gundi ya pancha, na yule binti wa Dublin ameshika mkate wake hajui aangalie wapi. Nilitaka kuwagonganisha vichwa. Miaka kumi na miwili! Katika parokia ambayo mtu akikohoa misani tunajua ni mapafu ya nani! Kila mtu alijua hawasemezani, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa chake kuuliza, mimi nikiwemo, wewe ukiwemo, Padre Cathal na mechi zake akiwemo. Mama angetucharaza sote.

Mwishowe Mossie aliinuka, magoti yanalia.

"Utakunywa chai."

"Hapana, hapana, nisikusumbue."

"Si usumbufu."

"Nimekunywa nyumbani."

"Tone tu."

"Basi nusu kikombe."

Alikunywa vitatu, akala mkate uliobaki wote, na msafara ulifika kanisani jioni, Concepta akiwa mlangoni na sandwichi za hemu zilizokwisha kukauka. Wageni wanasema ni njia nzuri kuliko zote walizopita, na wanauliza kama wale wazee wawili ni sehemu ya maonyesho.

Ungedhani sasa nimepumzika. Hata kidogo. Mossie yuko hapa kila asubuhi kabla sijachana nywele, wanaondoka pamoja kwa njia ya ufuoni wakiwa sambamba, magari yote nyuma yao yanatembea kwa miguu, na kila dereva wanamnyanyulia kidole kimoja cha salamu kana kwamba wanamruhusu apumue. Wanarudi wakibishana juu ya yale mashindano ya ujanani. Wanasema mkate wangu ni mkavu. Wanapanga njia ya mwakani, na wameshaongeza kusimama kwa chai kwenye malango saba. Ile saa yako baba ameitoa kwa mbwa, na kwa muda wa dakika moja nilifurahi. Amemvalisha Mossie. Kwa hiyo ukiona moyo wa baba unaruka vibaya kesho, usiniamshe, ni Mossie amepita mbele ya nyumba ya Concepta.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Mwezi ujao ni misa ya kumbukumbu ya mama. Wale wawili wamekaa jikoni kwangu wakaamua. Wanasema mama hakupelekwa inavyotakiwa. Gari la jeneza lilipaswa kupita njia ndefu, kwenye malango ya marafiki, na lango moja lilirukwa. Basi wataianza upya safari ile. Wataondoka hapa nyumbani kwa baiskeli, polepole, mwendo wa gari la jeneza, kwa njia ya ufuoni. Mossie hatakuwa pamoja nao mwanzoni. Atakuwa langoni kwake, na suti ile ile, kofia mkononi, na baba atakapopita na picha ya mama kifuani ndipo atapanda baiskeli yake na kufuata nyuma mpaka kanisani.

Niliwaambia ni upuuzi wa wazee. Niliwaambia mvua itawanyeshea na picha italoana. Baba akasema picha imeshawekwa kwenye mfuko wa nailoni. Nikatoka nje nikalia kwenye zizi la ndama, ndama wakinitazama.

Umeona nimeandika "nao", na baba ni mmoja. Baba anasema jeneza lilibebwa na wewe upande wa kulia, na kwamba mtu hawezi kumpeleka mama yake nusu njia. Hatakuomba. Unamjua, atakufa kabla ya kukuomba, na mimi nimechoka na watu wa nyumba hii wanaongoja kuombwa na wanaongoja kuulizwa. Basi mimi nakuomba. Njoo, Fintan. Usiniambie habari za kazi, usiniambie ni mbali. Najua ni mbali, nimekusindikiza uwanja wa ndege mara zote mimi.

Msalimie sana Marguerite, umwambie kitanda cha chumba cha nyuma nimekibadilisha godoro. Wabusu Orla na Cian. Shangazi Philomena anakusalimu, na anauliza kama unakwenda misa; nimemwambia ndiyo, basi jitahidi nisiwe mwongo. Mossie anakusalimu, anasema kwa baiskeli bado huwezi kumshinda. Mungu awalinde na jua la huko, awaongoze njiani, na awafikishe mlangoni kwetu mkiwa wakavu.

Dada yako akupendaye, ingawa mmemchosha wote,

Dervla

Nimemuuliza baba kama ana neno la kukuambia. Amesema hana. Halafu akaenda bandani, na sasa hivi nilipokuwa natafuta bahasha nimeona baiskeli yako imeshushwa kutoka ukutani, mnyororo umetiwa mafuta, na matairi yote mawili yamejazwa.